Carrowmoyle Juu ya Milango Miwili

Ambrose Tuohy alikunywa chai yangu vikombe viwili, akala mkate wangu wa soda vipande vitatu vyenye siagi nene, akajifuta masharubu, ndipo akaniambia kwamba reli zangu ni za Kiingereza.

"Za Kiingereza vipi?" nikamuuliza. "Reli ni reli."

"We Dympna! Binti wa mtu wa ishara ndiye anayesema hivyo?" Akashika kifua utadhani nimemtukana mama yake. "Reli zetu hapa Ayalandi ni pana. Futi tano na inchi tatu. Waingereza zao ni nyembamba, na hizi ulizonunua kwenye boksi ni zao. Treni ya baba yako ingekaa hapo kama mimi leo kwenye suruali ya harusi yangu."

Nilitamani kummwagia chai iliyobaki. Miezi mitatu nilikuwa nimeinama juu ya kazi ile mpaka mgongo ukanisusa. Nilikuwa najenga stesheni yetu ya Carrowmoyle, ndogo ya kuweka mezani, kama ilivyokuwa mwaka 1959, juu ya milango miwili mikuukuu niliyoilaza katika chumba alichokuwa akilala baba. Sijawahi kujenga kitu maishani. Nimeshona mapazia ya watu miaka arobaini, basi. Lakini mkono wangu hautetemeki, macho bado ninayo, na ubishi ninao wa kugawa.

Ambrose alikuwa gadi wa treni tangu ujana wake mpaka walipoifunga njia yetu. Katika parokia nzima amebaki yeye tu anayeijua njia ile kwa soli za viatu vyake. Kwa hiyo nikameza hasira, nikamjazia kikombe cha tatu.

Nilikuwa na sababu ya kujisumbua hivyo, na sababu yenyewe ni dada yangu Attracta.

Attracta aliondoka Mei ya mwaka ule 1959 kwa treni ya saa tano na robo asubuhi, kwenda Manchester kusomea uuguzi. Alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na mmoja. Mama alikuwa ameshafariki, tulibaki sisi wawili na baba. Baba alikuwa mtu wa ishara. Kazi yake ilikuwa juu katika kibanda cha ghorofa, mwisho wa stesheni, kuvuta vile vipini virefu vya chuma vinavyopandisha na kushusha ishara za njiani. Kutoka kibandani hadi jukwaani ni hatua hamsini. Siku ile hakuzipiga. Attracta alimpungia mkono stesheni masta, akampungia padri, akampungia hata mbwa wa padri. Baba hakushuka.

Wiki iliyofuata nikamwandikia barua, nikijiona mwandishi kwelikweli. Niliandika: "Ulipoondoka nilimpelekea baba chai kule juu. Alikuwa anafuta vioo. Nilimuuliza kama umekwenda, akasema, Nimeona taa ya nyuma." Kisha nikageukia habari za kuku.

Dada hakumwandikia baba tena. Baba alipofariki mwaka 1971, lilikuja shada la maua, yeye hakuja. Siku hizi huja mara mojamoja, hula, hucheka, husengenya majirani kwa bidii, lakini kaburini hajawahi kukanyaga.

Majira ya baridi yaliyopita alipiga simu.

"Nakuja Julai, mdogo wangu. Wiki nzima."

Nikadakia mara moja. "Hiyo wiki ina Jumapili ya Makaburi. Padri anabariki makaburi yote. Utasimama na mimi, dada?"

"We nenda. Mimi nitabaki nikumenyee viazi."

"Lakini ni baba."

"Namjua ni nani. Mwache afute vioo vyake."

Alisema kama mzaha, akakata simu. Nikabaki nimeishika ile simu mkononi. Maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempa, kwa mwandiko wa shule na kalamu iliyovuja, na alikuwa ameyabeba miaka sitini. Nina miaka sabini na moja, yeye sabini na minane, na magoti yake hayataki tena safari. Nilitaka asimame nami kwenye kaburi lile mara moja tu kabla mmoja wetu hajaingia humo. Nikafikiri, labda akiiona stesheni yetu kama tulivyoiacha, moyo utalainika. Sikuwa na mpango mwingine.

Basi nikazing'oa reli za Kiingereza. Nililia kidogo, nikatukana sana. Reli pana za kwetu hazipatikani hivihivi dukani, ikabidi nizitengeneze mwenyewe: mataruma membamba ya mbao ya kulalia reli nikiyakata moja moja, na reli nikizilehemu moja moja kwenye misumari midogo ya shaba niliyoipigilia juu yake. Ambrose alinichongea kipande cha chuma cha kupimia upana, milimita ishirini na moja kamili, akakaa kwenye kiti changu kizuri akinisimamia kama mkaguzi.

"Umechoma kidole," alikuwa akiniambia.

"Najua nimechoma kidole, Ambrose. Kidole ni changu."

Zilipofika kwenye kona, reli mpya zikagoma. Upana ule hautaki kona kali. Nikalazimika kuifungua kona, ikapita mbali zaidi, ukingoni mwa ziwa nililolipaka rangi, na hapo ghala la mizigo likawa limekaa katikati ya njia.

"Afadhali," Ambrose akasema. "Maana ghala halikuwa hapo hata kidogo. Nimeshusha magunia ya mbolea pale miaka sita. Lilikuwa mwisho wa jukwaa, limebana reli. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unaangalia nini?"

Nikalihamisha. Kisha, ili nione kama limenyooka, nikafanya ninavyofanya na upindo wa pazia: nikaweka kidevu mezani, nikafumba jicho moja, nikatazama usawa wa kitu chenyewe. Jicho langu lilikuwa pale pale wanaposimama watu jukwaani. Mbele yangu ukuta wa ghala ulifunga kila kitu.

"Ukisimama hapa huoni treni inakokwenda," nikasema.

"Ndivyo ilivyokuwa. Akina mama walikuwa wakililaani lile ghala. Mtoto anaondoka, hujamaliza hata kuinua leso, keshapotea."

Nikasogeza kidevu mpaka kwenye kibanda cha baba, jicho dirishani. Kibanda kilikuwa juu. Kutoka pale niliona juu ya paa la ghala, na nyuma ya ghala nikaiona njia yote: tuta, daraja, kisha ukingo wa ziwa mpaka kwenye kona. Njia halisi ilikuwa maili moja na nusu, mimi nilikuwa nimeifinya ikawa futi nne. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikaniuma.

"Ambrose. Treni ikiondoka, mtu wa ishara anafanya nini?"

"Anaangalia taa ya nyuma. Akiiona taa, anajua treni ni nzima, hakuna behewa lililokatika njiani. Anagonga kengele kuwaarifu wenzake, anarudi kukaa. Nusu dakika."

"Habaki dirishani mpaka treni ifike kwenye kona ya ziwa?"

"Abaki afanye nini? Ana kazi."

Nikakaa chini. Siku ile, nilipopanda ngazi na birika la chai, treni ilikuwa tayari inapiga honi kule ziwani, na kengele ya baba ilikuwa bado haijagongwa. Alikuwa amenipa mgongo. Mkononi alikuwa na kile kitambaa cha vipini, maana mtu wa ishara hashiki chuma kwa mkono mtupu, jasho linaleta kutu. Kitambaa kilikuwa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Na upepo ulikuwa unaingia ndani, unanipiga usoni, nikaogopa chai itapoa. Miaka sitini naikumbuka chai ile, na upepo sikuwahi kuufikiria.

"Dirisha lilikuwa wazi," nikasema. "Ambrose, dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anafuta kioo gani?"

Ambrose alivua kofia yake, akaishika magotini.

"Angeshuka kumshika mkono," akasema baadaye, "asingewahi kupanda tena kibandani. Angempoteza kwenye ghala kama wengine wote."

Nilikaribia kupiga simu Manchester usiku uleule. Nikajizuia. Niliwahi kumsimulia mara moja alichokifanya baba, na tazama nilivyoharibu. Safari hii nilitaka aone kwa macho yake.

Attracta alifika siku ya Jumatano na midomo yake myekundu na fimbo mpya, akilalamikia mvua kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza. Nikampa chai, nikampa keki, nikashindwa kungoja, nikamwingiza chumbani.

"Mungu wangu!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Umeweka mpaka choo! Na baiskeli ya stesheni masta! Lakini geti halikuwa kijani hivi, Dympna, umelipaka kama kabichi." Akazunguka akigusagusa, akinikosoa, macho yakimeta. Kisha akafika mwisho. "Na kibanda chake," akasema, na kicheko kikaisha.

"Kaa hapa, dada."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu. Weka jicho kwenye dirisha lake."

Alinikunjia uso, lakini alikaa. Nilimwekea mto mgongoni. Nikawasha treni: injini moja, mabehewa matatu, na nyuma kabisa taa nyekundu isiyozidi punje ya mtama, iliyonigharimu majuma mawili na vidole viwili. Treni ikaondoka jukwaani polepole.

"Sasa inaingia nyuma ya ghala," Attracta akasema, kama mtu anayetangaza mpira. "Imepo... Ah, haijapotea. Naona taa yake juu ya paa."

Nikaipunguza treni mwendo.

"Iko kwenye tuta. Bado naiona. Daraja. Bado naiona." Kisha kwa sauti ndogo: "Bado. Bado." Treni ilikata kona ya ziwa. "Imekwenda."

Hakuinua kichwa. Nikapiga magoti kando yake na kumwambia yote: honi ya ziwani, kengele iliyochelewa, kitambaa, na upepo ulionipiga usoni. "Dirisha lilikuwa wazi, dada. Hakuwa anafuta kitu. Alikuwa bado anakupungia, nawe ulishafika ziwani. Niliona mimi, nikaandika vibaya. Nisamehe."

Akainua kichwa polepole.

"Nilitoa kichwa nje," akasema. "Nilimtafuta jukwaa zima. Likaja ghala. Nikasema ndiyo basi, nikapandisha kioo, nikakaa." Alikuwa analia, na rangi ya midomo imemtapakaa. "Ningengoja lile ghala lipite, Dympna. Ningengoja kidogo tu."

"Ulikuwa mtoto."

"Na wewe na barua zako! Kuku uliwaandikia ukurasa mzima!" Akanipiga begani, kisha akanivuta, tukashikana pale chini kama wajinga wawili. Hatimaye akajifuta uso. "Irudishe. Irudishe mwanzo."

Niliirudisha mara saba. Kila mara alisema "bado, bado" mpaka kwenye kona.

Jumapili hatukuzungumzia viazi. Nilishuka nikamkuta mlangoni, kofia kichwani na mkoba mkononi, akiniuliza kama kawaida yangu ni kuchelewa kanisani. Parokia yote ilikuwa makaburini chini ya manyunyu, kila ukoo kwenye kaburi lake. Majirani walimwona Attracta, wakatuangalia, wakajitia kusoma vitabu vya sala. Padri akapita na maji ya baraka. Dada alisimama wima mbele ya jina la baba, mkono wake kwenye wangu, fimbo ameiacha garini kwa kiburi.

Tulipoanza kuondoka, akaniachia mkono pale getini, akageuka nyuma. Alifungua mkoba akatoa kitambaa changu cha jikoni, cha miraba, nilichokuwa nimekitafuta tangu asubuhi. Akakiinua juu kabisa, kuelekea kaburini, akakipeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia.

Ambrose, aliyekuwa nyuma yetu na mwavuli wake, akauliza, "Attracta, mama, unafanya nini?"

"Nafuta vioo," dada yangu akasema.