Kengele ya Jemadari

Mbwa wangu Jemadari, niliyeachiwa na jirani aliyehama mwaka 1964, alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu alipoanza kupanda ngazi kama mchukuzi mwenye gunia la karafuu. Bwana mifugo alimkunjakunja miguu, akasema:

"Baridi yabisi. Mtembeze kila siku, polepole, mpaka baharini, umsimamishe maji yamfike kifuani. Ukimwacha alale tu, viungo vitakaza, na hapo sitakuwa na dawa ila sindano ya mwisho."

Nikapanga ratiba: saa kumi kutoka, saa kumi na robo kupumzika kivulini. Kwenda hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kurudi, kwa kuwa kichochoro chetu cha Shangani ni chembamba, njia nyengine hakuna, na mbwa aliyelowa ni najisi inayotembea. Siku ya tatu alijikung'uta mbele ya Msabah, fundi cherehani, aliyekuwa na kanzu nyeupe akielekea msikitini.

"Mara saba, Mwalimu!" alilia Msabah. "Mara saba nifue, na moja kwa udongo! Na sala hainisubiri!"

Bi Kidawa, ambaye baraza yake imekaa katikati ya kichochoro, alitoa hukumu.

"Nshastahamili vya kutosha. Tone moja jengine, hapa hapiti tena. Mpeleke baharini kwa ndege."

Nikachukua kengele ya mkono iliyostaafu shuleni, nikatangaza kanuni: mlio mmoja, mbwa mkavu, milio miwili, mbwa majimaji, kila mtu ajihifadhi. Watu walitii kuliko darasa langu la sita.

Alhamisi iliyofuata jua lilijificha, Jemadari asikauke. Nikapiga mara mbili, milango ikafungwa. Tulipofika mbele ya Bi Kidawa, Jemadari akaketi. Nikamvuta, nikambembeleza; wapi!

"Mwondoe, Mwalimu!" alisema Bi Kidawa, miguu kaikunja juu ya baraza.

"Hawezi kuinuka, Bi Kidawa."

"Na mimi siwezi! Unadhani nimebaki hapa kumtazama sura? Magoti yamekataa!"

Wakatazamana, yeye na mbwa. Kisha Bi Kidawa akaangua kicheko, akanirushia gunia lililokuwa kando yake.

"Mkaushe kabla hajajikung'uta. Na gunia usinirudishie. Wacha kumvuta! Goti la namna hii halivutwi. Likande hapo juu, kisha mwache ainuke kwa hiari yake."

Nikakausha, nikakanda, nikangoja. Jemadari akainuka bila ya kudondosha hata tone.

Bi Kidawa alimfuata kwa macho.

"Hayo maji yanamfaa kweli?"

"Wiki iliyopita ngazi zilimshinda. Jana kapanda mwenyewe."

"Basi kesho nipitieni. Nitatangulia hatua ishirini, na pa kuingilia majini nitachagua mimi."

"Na kengele, Bi Kidawa? Kanuni haikutaja safari ya namna hiyo."

"Piga mara tatu," alisema, akijikanda goti. "Watu wapishe, wazee tunapita."