Fahali wa Sajini Aingia Chumbani

Haki ya Mungu, Dorothy alikuwa anafagia tu. Alikuwa bibi arusi wa wiki mbili pale Lubao, mumewe Chrispinus amesharudi kazini kiwanda cha sukari hadi Jumamosi, na yeye yuko na ufagio sebuleni kwa baba mkwe. Ndipo jicho lake likaanguka ukutani, nyuma ya mlango.

Kuta za udongo zilibandikwa magazeti kuzuia vumbi, kama nyumba nyingi. Ila marehemu Roda, mama mkwe ambaye Dorothy hakuwahi kumwona, hakubandika ovyo. Kila wiki, miaka tisa, alikata hadithi moja tu ya picha, ya Sajini Kombo na fahali wake aliyeibwa, akaigandisha kwa uji wa muhogo kuzunguka nyumba nzima.

Weee! Sajini alimfukuza mwizi kupitia harusi tatu, jela, mafuriko na kanisa lililogombania kengele. Dorothy alisoma amepiga magoti, akapanda kiti, akasogeza kabati. Mboga ziliungua. Siku ya nne Sajini ameshika mkia wa fahali katikati ya mto, vidole vinateleza, na ukuta ukaisha. Kilichofuata kilikuwa nyuma ya pazia, chumbani kwa Mzee Phanuel.

Basi tena! Mke wa mtoto haingii chumba cha baba mkwe. Hata kuchungulia ni aibu ya kusimuliwa mpaka Likuyani. Na Mzee mwenyewe, tangu amzike Roda mwaka uliopita, maneno yake ya siku nzima hayakujaa kijiko. Angemwanzia wapi? Siku tatu Dorothy alikaa na hamu yake, akipika ugali mbichi.

Mzee akasukuma sahani. "Mwanangu, umechoka na kwetu?"

"Hapana, baba." Akaona heri aseme. "Ni yule fahali. Alivuka mto?"

Mzee akamtazama, akainuka, akaingia chumbani. Dorothy akatamani ardhi immeze. Mara sauti kavu ikatoka nyuma ya pazia:

"Hapa Sajini amezama mpaka shingo. Kofia inaelea."

"Na mkia, baba?"

"Ameushika, mama!"

Ikawa ndiyo kazi ya kila alasiri. Mzee ndani, Dorothy sebuleni akipukuchua mahindi.

"Hapa kuna tangazo la sabuni. Niruke?"

"Usiruke, baba."

Siku moja Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Roda alikuwa ananiitanga nije nione. Nilikuwa namwambia kesho." Akalia kule kwake. Dorothy akalia huku kwake, mahindi mapajani.

Ijumaa moja sauti ikakatika.

"Baba?"

"Imeishia hapa, kichwani mwa kitanda. Hapa ndipo Roda alipougua." Mkono ukatoka kando ya pazia na furushi la magazeti yaliyofungwa kamba ya katani, hayajakatwa hata moja. "Nimeendelea kununua kila wiki. Sikujua nayaweka ya nini. Koroga uji wa muhogo, mama, uyabandike barazani."

"Kwa nini barazani, baba?"

"Si pale tunafika sisi wote wawili?"

Dorothy alikimbilia jikoni bila hata kusema asante. Uji wa kwanza uliganda mabonge, maana alikuwa akikoroga huku machozi yanamtoka.