Barabara ya Uani kwa Scola

Kila alfajiri Scola alifagia kuanzia mlangoni, akayazunguka mafiga matatu, akapita chini ya kamba ya nguo na kumalizia kwenye zizi ambalo sasa halikuwa na ng'ombe. Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita, alikuwa amefika kwenye mafiga barabara ya Bariadi ilipoingia uani kwake. Iliingia ubavuubavu, ikaparamia uzio wa minyaa, ikasita kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha ikajibwaga kati ya jiko na choo, na changarawe zake, na mitaro yake yote miwili.

Scola aliwaondoa vifaranga.

Haukupita muda basi la kwenda Nyashimo likatokea, kwa kuwa basi hufuata barabara. Dereva alipunguza mwendo alipoifikia kamba ya nguo. Abiria wa dirishani waliliinua shuka lililoanikwa, kila mmoja akampokeza aliyekaa nyuma yake, mpaka likatokea upande wa pili bila doa la vumbi.

"Mwangaluka, mayu!" kondakta alimwamkia akiwa amening'inia mlangoni.

"Mwangaluka. Mmeamkaje?"

"Salama, ila tumeamkia kwako. Uji upo?"

Uji ulikuwepo. Ulikwisha sufuria nzima, na abiria mmoja akaomba kukwangua ukoko.

Mahona, mume wake, alitoka ndani kwa mikongojo yake, akasimama kuitazama barabara iliyolala uani pake.

"Imefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Imelewa?"

"Hata kusimama haiwezi."

"Iache ilale. Ukimwamsha mlevi, utamsikiliza mpaka jioni."

Pale kijijini Mwabuligi hakuna aliyehangaika kutafuta sababu, maana sababu ilikuwa imeandikwa na kupigwa mhuri. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Zamani ushirika ulikuja ulipotaka na watu waliusubiri. Sasa malori yalikuja mbio, kila mnunuzi akitaka kumtangulia mwenzake, na kila kijiji kikitaka lori lianzie kwake kabla ghala halijafurika na mvua haijanyesha. Mkono mtupu haulambwi. Ukatokea utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza na kila mtu aliufuata: dereva akishuka kwenye lori, apewe kibuyu cha pombe ya mtama, anywe amesimama, akimalize. Kijiji kilichomimina kidogo kilichukuliwa mwisho. Dereva aliyekataa kibuyu alihesabiwa kuwa amewatukana waliolima.

Dereva wa lori la Mwabuligi alikuwa Luhaga, binamu yake Mahona, mtu mwembamba mwenye kicheko kilichofika kabla ya lori lenyewe. Siku moja ya mwezi wa saba, mwaka huohuo, alikuwa amepita vijiji vinne na kunywa vibuyu vinne. Cha tano kilikuwa cha Mwabuligi, na zamu ya kupika pombe ilikuwa ya Scola. Alimimina mwenyewe, kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Luhaga alipokipokea, alimtazama Scola kana kwamba amesimama ng'ambo ya mto. Scola aliliona hilo. Neno likamfika kooni, akalimeza, maana wanaume walikuwa wanapiga makofi na yeye si mtu wa kusema mbele za watu.

Nusu saa baadaye lori lilitoka barabarani, likashuka mtaroni, likapanda upande wa pili na kulikuta gari la ng'ombe la Mahona likirudi tupu kutoka ghalani. Ng'ombe mmoja alikufa palepale. Mguu wa kulia wa Mahona ulikatwa hospitali juu ya goti. Ng'ombe wa pili aliuzwa kulipia kitanda na dawa, na mbao za gari zikawa kuni za kuwapikia waliokuja kumpa pole. Msimu uliofuata, familia iliyozoea kulima ekari sita kwa plau ililima moja kwa jembe la mkono. Na Mahona, ambaye vijiji saba vilimjua kwa kucheza ngoma, mtu aliyeweza kuruka na nungunungu mkononi bila kuchomwa, alijifunza upya namna ya kwenda chooni.

Askari wa usalama barabarani alifika, Sajenti Januarius, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Alimuuliza Luhaga ilikuwaje.

"Afande, barabara iliyumba," Luhaga alisema huku analia. "Mimi nilikuwa naenda sawasawa kabisa. Yenyewe ndiyo iliyumba."

Hakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo alivyoiona.

Sajenti akamgeukia Scola. "Mama, huyu alipita kwako. Alikuwa katika hali gani?"

Scola alitazama vidole vyake vya miguu. "Alikuwa amechangamka," akasema.

Ikaandikwa: dereva mchangamfu, chanzo cha ajali, barabara kuyumba. Faili likapelekwa mjini, likapigwa mhuri, likafungwa. Barabara, ambayo tangu ichongwe ilikuwa imenyooka, nayo ikawa haina budi kutii serikali. Ikaanza kuyumba.

Haikuwa na ratiba. Leo ingepita nyuma ya zahanati, kesho ingekatiza katikati ya shamba la dengu, keshokutwa ungeikuta imejikunja chini ya mti kwa sababu ya jua. Kalvati lilibaki peke yake mbugani, mbuzi wakalifanya nyumba. Kijiwe cha kilomita kiliifuata barabara kwa mbali, kama mke anayemfuata mume wake kilabuni, mara kinasoma ishirini na mbili, mara tisa. Mwanamke mmoja alipanda basi kumpelekea mkwewe kuku huko Shishiyu, akajikuta anashuka Kalemela, mbele yake ziwa. Alimuuza kuku, akanunua sato. Mkwe alipompokea siku mbili baadaye alisema tangu aoze hajawahi kuletewa zawadi ya maana namna ile. Tangu hapo watu wakaacha kuuliza basi linakwenda wapi. Walibeba nguo ya kubadili na kuomba Mungu.

Kwa Mwabuligi ilikuwa neema. Mtu akikwama, hula. Scola alipika uji asubuhi na viazi mchana. Ngassa, mwenyekiti wa kijiji, alifungua duka la soda na betri mahali ambapo barabara ilipenda kuanguka siku za Alhamisi. Luhaga mwenyewe hakupita bila kusimama. Alileta sukari, alileta chumvi, na ile mikongojo ya Mahona aliichonga yeye, akaipiga msasa siku nzima isimchubue binamu yake makwapani.

"Mguu wako mmoja unatosha," alimtania. "Hata ulipokuwa na miwili, wa kulia ulikuwa mtalii tu."

"Na wewe una macho mawili, yote watalii," Mahona alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Scola alicheka nao. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko kidogo, akarudi.

Mwezi wa tatu Sajenti Januarius alirudi kuhakikisha taarifa yake. Alichota majivu jikoni kwa Scola, akachora mstari mnyoofu kutoka kwenye mafiga hadi zizini, akaiamuru barabara itembee juu yake. Watoto walikaa juu ya uzio kuangalia. Barabara ilijikusanya, ikavuta pumzi, ikaenda hatua mbili vizuri sana. Ya tatu ikaelemea kushoto, ikaomba msamaha kwa mwembe, ikaanguka chali na mitaro ikimwaga maji. Watu walishangilia kama wako mpirani.

"Hii haina ubishi," Sajenti alisema, akaandika. Akamtazama Scola aliyesimama na fagio mkononi. "Una la kuongeza, mama?"

Scola alikuwa nalo. Lilikuwa limemkaa kooni tangu mwezi wa saba, likipanda na kushuka kila alipomwosha Mahona mgongo.

"Karibu uji, afande," akasema.

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa ndani, yakaja mashindano ya ngoma. Mahona alisema haendi. Akavaa njuga zake kwenye mguu uliobaki, akasema tena haendi, akatoka na kigoda, akakaa juu ya barabara ili aonyeshe kwamba haendi popote. Barabara ikanyanyuka, ikampeleka uwanjani.

Huko ngoma zilipolia, kuyumba kwake kukaingia kwenye mdundo. Iliinama, ikainuka, ikajipinda kiuno, na Mahona juu ya kigoda akacheza kwa mabega, kwa shingo, kwa nyusi. Mbao za kigoda zililia njuga zilipolia. Wanawake wazima walirusha vitenge. Kundi la upande wa pili, wenye chatu wao shingoni, waliacha kucheza wakaja kutazama, na chatu naye akanyoosha kichwa.

"Barabara siyo mwanachama wenu!" kiongozi wao alilalamika mbele ya waamuzi.

"Inalala kwetu," watu wa Mwabuligi walijibu. "Inakula vumbi letu. Unataka kadi?"

Waamuzi walinong'onezana, wakaamua kwamba kinacholala kijijini ni cha kijiji. Mwabuligi wakashinda mtamba mwekundu. Mahona alirudi nyumbani juu ya barabara akiwa amemshika mtamba kamba, anaimba, na Scola alitembea pembeni akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Usiku huo mume wake alimwambia, "Unaona? Hakuna kilichoharibika." Kisha akageukia ukutani, na Scola alisikia mkono wake ukipapasa shuka mahali ambapo goti lilipaswa kuwa.

Soko la pamba likafunguliwa wiki tatu baadaye. Mnunuzi alikuwa ameahidi zawadi kwa dereva atakayepiga safari nyingi, na vijiji vilikuwa vimepika zaidi ya mwaka jana. Zamu iliangukia tena kwa Scola. Luhaga alifika saa nane kasoro akitokea vijiji vinne, kicheko kikitangulia, akaruka kutoka kwenye lori na kuikosa ardhi kidogo.

Wanaume waliisogelea mizani. Lori likapakiwa mpaka pamba ikawa juu kama wingu lililofungwa kamba. Kutoka shuleni ilisikika ringi ya gari ikigongwa. Watoto walikuwa wanaachiwa, na katikati yao alikuwamo Salu, binti wa pekee wa Scola na Mahona, mwenye miaka tisa. Huyu alikuwa hodari wa kuikisia barabara itapita wapi, na wenzake walimfuata.

"Haya, Scola," mwenyekiti Ngassa aliita. "Mmiminie shemeji yako, gari liondoke."

Scola alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Luhaga alinyoosha yake. Macho yake yalimtafuta Scola, yakamkosa, yakatua juu ya bega lake.

Scola hakumimina.

"Amesahau namna!" mtu mmoja alisema, watu wakacheka.

"Mwoneeni huruma, uji umemzidi," Ngassa alisema. Akakichukua kibuyu mikononi mwake kwa upole, kama unavyompokea mtu mzigo, akakijaza mpaka povu likamwagika. Luhaga alikunywa amesimama, akakimaliza, akakigeuza juu chini waone.

"Wabeja! Wabeja sana, Mwabuligi!" akashukuru.

Makofi. Luhaga akapanda, kwa jaribio la tatu. Injini ikanguruma. Barabara, iliyokuwa imelala kando ya ghala, iliamka, ikajinyoosha mbele ya magurudumu, ikaelekea upande wa shule kwa kupepesuka.

Yaliyofuata baada ya siku hiyo yanajulikana Mwabuligi. Faili halikufunguliwa tena. Barabara inayumba hadi leo, na wageni huambiwa wabebe nguo ya kubadili. Kila soko linapofunguliwa kibuyu hujazwa, na Ngassa ameongeza duka la pili. Lakini siku hiyo Scola alipita katikati ya wanaume, yeye ambaye hata kanisani aliimba kwa midomo tu, akapanda kwenye ngazi ya lori na kushika ukingo wa dirisha. Luhaga aliinama kutoka ndani, bado anatabasamu, akaweka kiganja sikioni.

"Unasemaje, shemeji? Injini inapiga kelele!"

Pale chini watu waliiacha mizani wakainua vichwa, kwa sababu hawakuwahi kumwona akifungua kinywa kiasi kile.

"Nasema umelewa! Na mwaka jana ulikuwa umelewa, na mimi ndiye niliyekumiminia! Niliyaona macho yako, Luhaga, nikakuacha uondoke, nikaona haya kusema. Mguu wa Mahona tumeukata mimi na wewe. Zima gari ushuke. Mwanangu yuko njiani."