Kompyuta Iliyomkataa Bwana Harusi

Mbwana aliileta ile kompyuta kibandani kwangu imeviringwa leso, kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Akaiweka juu ya meza, kati ya redio niliyoifumua na pasi ya mama mmoja wa Mtongwe, akaifunua polepole.

"Imekufa, Ami Matano," akasema. "Na bibi asema mke wangu ndiye aliyeiua."

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Kibanda changu cha mbao kilikuwa Likoni, kimeegemea ukuta wa hoteli ya chai. Nilikwisha kutengeneza redio Tanga, pampu Voi na mafeni Changamwe, na kila mahali nilikaa mpaka nikachoshwa na sura za watu, nikahama. Lakini kompyuta ya kukunja, ile unayoifungua kama kitabu, nilikuwa sijapata kuishika. Sikumwambia Mbwana. Fundi akisema hajui, mteja huenda kwa fundi mwingine ambaye pia hajui.

"Ameiuaje?" nikauliza. "Kwa panga?"

"Kwa kisirani."

Akanieleza. Kompyuta aliletewa na mjomba wake kutoka Maskati, kwa kuwa yeye alifanya kazi ya makaratasi ya mizigo na nyingine huzimalizia nyumbani. Ijumaa, bi harusi wake Kadzo alipoingizwa nyumbani, kompyuta ilikuwa ukumbini juu ya kitambaa cheupe, iko wazi, inang'aa rangi zote, na wanawake wanapishana kuitazama. Asubuhi yake akabonyeza swichi. Kimya. Bibi yake aliyemlea, Bi Mwanatatu, akasema pale pale, mbele ya majirani: "Mguu ulioingia jana si mguu mwema."

Bi Mwanatatu alikuwa amemchagulia mjukuu wake mke mwingine, binti wa mpwa wake. Kijana akaenda Utange akamleta Mgiriama mcheshi aliyemwona kwenye harusi ya rafiki. Sasa bibi alikuwa amekata shauri. Fungate ikimalizika, jamaa wa kike watakuja kumwona bi harusi. Wakiikuta kompyuta bado imekufa, Kadzo atarudi kwa mamake, akae huko mpaka kisirani kimtoke.

"Na kisirani hutoka lini?"

"Bibi hakusema."

"Na wewe ulisema nini?"

Mbwana akatazama bati la kibanda changu. "Nilisema nitaileta kwa fundi."

Alikuwa kijana mwema, lakini wanawake wawili wakisema pamoja, yeye hutazama dari.

Alipoondoka nilipima waya wake wa umeme kwa mita. Umeme upo. Nikaifungua kwa bisibisi ya saa. Skrubu zake zilikuwa ndogo kama mbegu za pilipili, nikazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano niliozitoa, maana kitu kikikurudishia skrubu moja ya ziada hakikurudishii usingizi. Chini yake ndipo penye bodi, ubao wa kijani uliojaa vijidude na njia za shaba, ambao ukinyamaza huo basi kompyuta yote ni sinia tu.

Nilifanya nilivyozoea kwenye redio. Unaufuata umeme kama ufuatavyo maji ya mfereji, kutoka bombani mpaka pale yanapokatika. Kwenye tundu la kuingilia, mita ikapanda. Kwenye fyuzi, ikapanda. Nikafika kwenye swichi. Upande huu upo, upande wa pili hakuna kitu. Nikainama na miwani yangu. Pembeni ya swichi kulikuwa na kutu ya kijani, imeila ile njia ya shaba mpaka ikakatika.

Kutu hailetwi na mguu wa mtu, huletwa na maji. Nikagusa pale kwa chuma cha kulehemu kilichokwisha kupata moto, na moshi mwembamba ukapanda puani.

Waridi.

Nikadhani mwanamke anapita nyuma ya kibanda. Nikachungulia, hakuna mtu. Nikagusa tena. Waridi tupu. Wafula, mpagazi wa bandarini aliyekuwa akinywa chai upande wa pili wa ukuta, akapaza sauti:

"Mzee, leo unatengeneza redio ama unajipaka mafuta?"

"Kunywa chai yako, Wafula."

"Nauliza tu! Kama kuna bibi humo ndani, mkaribishe chai."

Basi nikajua kilichoiua kompyuta. Aliyeiua nilimjua kesho yake.

Alikuja mwanamke amejitanda buibui, uso wote umefunikwa isipokuwa macho. Bi harusi wa fungate hatoki nje, kila mtu ajua. Lakini mkono ulionipa tochi ulikuwa na hina mbichi na piko mpaka kiwikoni, ua baada ya ua.

"Shikamoo, ami. Tochi yangu haiwaki."

"Marahaba." Nikaifungua. "Haina mawe ya betri, mwanangu."

"Najua. Nimekuja kwa ile nyingine." Akatazama nyuma yake, akasogea. "Umeona nini ndani?"

"Sikuona sana. Nimenusa."

Buibui likatikisika kwa kicheko. "Alhamdulillahi. Basi nisijichoshe kueleza."

Lakini alieleza, maana lilikuwa limemkaa kooni. Alipofika mlangoni siku ya harusi, Bi Mwanatatu alikuwa amesimama na mrashi wa fedha mkononi. Akamnyunyizia yeye marashi, akawanyunyizia mashangazi zake, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta akainyunyizia juu ya herufi zake, na tena, na tena, akisema bismillah, isipatwe na jicho la watu.

"Mimi nilipata tone moja," akasema Kadzo. "Ile ilioshwa."

"Mbona hukusema?"

"Bi harusi wa juzi amwambie bibi wa mumewe, 'Wewe ndiye'? Nikishinda hapo, ami, nimeshindwa. Nitarudi Utange hata kama kompyuta itaimba taarabu."

"Mumeo umemwambia?"

"Mbwana akijua jambo, uso wake hulitangaza kabla ya mdomo."

Hapo alisema kweli. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi yenyewe si kubwa, nitaunga njia iliyokatika, kompyuta itawaka na maneno yataisha.

"Itawaka kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayebonyeza."

Akaichezea ile tochi tupu. "Ami, ni lazima iwake kwa yeyote?"

Nikavua miwani nikamtazama.

"Ikiwaka hivi hivi," akasema, "bibi atasema fundi amekitoa kisirani. Kesho kuku akikataa kutaga, ni Kadzo. Keshokutwa paa likivuja, ni Kadzo. Nitaishi humo nikihesabiwa matundu ya paa. Nataka niwe baraka, ami. Si milele. Mpaka anizoee tu."

Nimekutana na watu wengi waliotaka vitu vyao vitengenezwe. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kitu kitengenezwe nusu. Na wallahi, nilikuwa na miaka sijafurahia kazi namna ile.

Nikaisugua bodi kwa mswaki na spiriti mpaka kijani chote kikatoka. Nikalaza waya mwembamba kama unywele badala ya ile njia iliyoliwa. Ila sikuufikisha mwisho. Nikaupitisha pembeni, mpaka chini ya plastiki karibu na bawaba ya kushoto, na pale nikaacha pengo, na juu ya pengo kipande cha shaba kinachopepea. Ukibonyeza swichi peke yake, hakuna kitu. Ukibonyeza swichi huku umeikandamiza plastiki pale bawabani, shaba inagusa na umeme unapita. Ikishawaka, waachia, yaendelea yenyewe.

Kadzo alirudi na tochi ile ile. "Bado haiwaki," akasema kwa sauti kubwa, kwa ajili ya Wafula.

Nikamwonyesha: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hapa, cha shahada cha kulia pale. Mara ya kwanza alibana kama mtu anayeua kunguni. Nikamwambia polepole, kama unayeegemea. Akafanya tena na tena mpaka mimi mwenyewe niliyeitega sikukiona kidole kikifanya kazi.

Siku ya mwisho wa fungate, Bi Mwanatatu aliagiza nije na kompyuta mwenyewe. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wamekalia mikeka, na harufu ya udi imetanda mpaka barazani. Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka. Kadzo alikaa pembeni, ameinamisha kichwa kwa adabu ambayo sikuwa nimeiona kibandani.

"Karibu, fundi," akasema Bi Mwanatatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, na sauti yake haikulingana na mwili. "Kitu chetu kimepona?"

"Kimepona, Bi. Ila kina haya."

"Haya ya nini?"

"Hakiwaki kwa kila mkono."

Wanawake wakacheka. Mbwana akaitwa, kwa kuwa ndiye mwenyewe. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akanitazama kama niliyemuuzia mbuzi aliyekufa.

"Hebu nipisha," akasema Bi Mwanatatu. Akajifuta mkono kwa leso, akapiga bismillah, akabonyeza kwa kidole gumba kama atiaye muhuri. Kimya.

Kutoka mkekani, mpwa wake Mwanabibi, mama wa yule binti aliyeachwa, akasonya. "Si niliwaambia? Kisirani kingali mumo. Na fundi wenyewe ndio hawa wa kulala vibandani."

"Nani hajaijaribu?" nikauliza.

Macho yote yakageuka upande mmoja. Bi Mwanatatu akamnyooshea Kadzo kidevu.

"Ndoo, wewe."

Kadzo akainuka. Akaja taratibu, akapiga magoti mbele ya meza, akaweka mikono yote miwili juu ya kompyuta kama anayemshika mtoto mashavu. "Bismillahi," akasema.

Kompyuta ikalia *pii*, ikaangaza.

Kikongwe mmoja aliyekuwa akisinzia aliamka akapiga kigelegele, na kigelegele ni kama kupiga mwayo, kikianza kwa mmoja wote hufuata. Mwanabibi alijikaza, lakini mdomo ukamshinda.

Hapo tungeacha, jambo lingekuwa jema kabisa. Lakini Kadzo hakutosheka. Akaizima, akamgeukia Bi Mwanatatu kwa sauti ya asali:

"Hebu bibi jaribu tena. Pengine sasa imekuzoea."

Nusura nimeze ulimi. Bi Mwanatatu akamtazama, akaitazama kompyuta, akabonyeza. Kimya. Kadzo akagusa. *Pii.*

"Basi," akasema bibi. "Leteni chakula."

Habari za Kadzo kurudi Utange hazikusikika tena. Mbwana, kila jioni akitaka kufanya kazi, alilazimika kumwita mkewe. "Kadzo! Ndoo uniwashie!" Na Kadzo akiwa amenuna, kompyuta huwa na haya mpaka anunuliwe viazi vya karai. Bi Mwanatatu naye, akiwa barazani na wenzake, akawa anasema, "Mke wa mjukuu wangu ana mkono." Mimi nikipita nilikuwa natazama chini, nisicheke.

Hata siku moja Mbwana akaja kibandani mbio.

"Ami! Kadzo yuko Utange, mamake anaumwa. Nami nina kazi ya ofisi, nikawa nimekaa nasikitika. Bibi akanituma sukari dukani. Kurudi, kompyuta inawaka!"

"Nani ameiwasha?"

"Bibi, kwa dua, asema. Na uende, ana neno nawe."

Njiani nilifikiria habari za Kilifi. Nilisikia kule kuna pampu nyingi mbovu na mafundi wachache.

Nilimkuta ukumbini peke yake, akitafuna tambuu. Hakunikaribisha kiti.

"Kidole cha mwisho," akasema. "Mkono wa kushoto. Pale penye bawaba."

"Tangu lini, Bi?"

"Tangu siku ile ile. Mwadhani mato yangu yameingia ukungu? Nimefunza wasichana wangapi mie kushona kofia za vito kwa sindano! Kidole cha mwanamke kikienda kufanya la siri, mie nakiona kingali njiani."

Nikauliza lile la kijinga. "Mbona ulinyamaza?"

Akageuka akautazama mrashi wake rafuni, umeng'arishwa.

"Asubuhi ile nilipomaliza kusema la mguu, niliinama kuifunika kompyuta kwa kitambaa. Nikanusa. Neno lishatoka, majirani washalibeba, Mwanabibi alilifikisha mpaka Mtongwe. Ningelirudisha vipi? Yule mtoto ajua la marashi. Najua ajua, maana siku zote zile hakulisema." Akatema tambuu kwenye kopo. "Nikasema, acha awe na mkono wa baraka. Amenitoa mie aibuni vilevile."

"Basi niitengeneze sawasawa sasa, Bi? Iwake kwa kila mtu?"

"Thubutu! Na Kadzo asijue kuwa najua. Akijua, ataanza kunihurumia, na mie sitaki kuhurumiwa na mtu aniunguzia wali."

"Na Mbwana? Yeye si aambiwe? Kompyuta ni yake."

Bi Mwanatatu akanitazama kama amtazamaye mtu aliyezunguka nchi nzima asijifunze kitu.

"Mume amwita mkewe kila jioni, amwita kwa jina, na ambembeleza. Wataka kuniharibia?"

Akainuka, akauchukua mrashi, akaja kuninyunyizia kama mgeni wa heshima. Mimi nikaiwahi mita yangu mfukoni, nikaificha chini ya shati.