Namba Iliyo Nyuma ya Gari

"Usinishike mkono! Nijibu kwanza. Simu hii ni ya nani?"

Ghati alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele wa haisi, ameshika waya wa chaja, na kwenye ncha ya waya ilining'inia simu nyekundu ambayo haikuwa yake wala ya mumewe. Stendi ya Nyamongo ilikuwa imejaa asubuhi hiyo, na kila mwenye masikio alishayasogeza karibu.

"Mama Tomaso, abiria wanasikia," alisema mumewe, Kisyeri, mikono juu ya usukani kana kwamba gari linatembea.

"Wasikie! Si ndio wenye simu?"

Kweli ndio waliokuwa nazo. Huko kwenye maduara walikochimba dhahabu hakukuwa na umeme, na Kisyeri alitambua mapema kuliko madereva wenzake kwamba mchimbaji anaweza kulala na njaa lakini hawezi kulala na simu iliyozima. Duara likitema dhahabu usiku, asiyepatikana hewani anakuta wenzake wameshagawana. Basi akafunga betri ya pili chini ya siti ya nyuma, akatandaza ekstensheni. Ukisafiri naye, unachaji bure hadi Tarime. Usiposafiri, unamwachia simu asubuhi, unaichukua akirudi. Kila simu ilibandikwa plasta yenye namba. Isiyo na plasta ilijulikana kuwa ya nyumbani kwa dereva, na haikuguswa.

Simu ya Ghati ilikuwa na plasta. Namba kumi na nne.

Ndicho alichokikuta alipomletea mumewe chai: simu yake imefungwa mpira pamoja na vitochi, vile visimu vidogo vya wachimbaji, kule nyuma, na hii nyekundu imejipumzisha mbele, kwenye tundu la kuwashia sigara, linalojaza chaji upesi kuliko yote. Haina plasta.

"Watoto wanne nimekuzalia, napanga foleni. Huyu hata namba hana!"

"Ni yangu hiyo, mama Tomaso. Habari za asubuhi?"

Shamimu alikuwa nyuma yake, na furushi la vitenge begani. Alikuwa mfanyabiashara wa Tarime mjini; alilala Nyamongo siku za gulio, siku nyingine alikwenda na kurudi na gari hilo hilo. Ghati alimtazama. Katika vumbi lote lile viatu vya mwanamke huyu vilikuwa safi. Vidole vina hina, ushungi unanukia udi. Yeye mwenyewe alinuka mafuta ya chapati tangu alfajiri, na jambo hilo lilimchoma kuliko simu.

"Dada, unamtaka mume wangu?"

"Mumeo?" Shamimu alimkagua Kisyeri kuanzia kofia hadi ndala, polepole, kama anayekagua kitenge chenye dosari. "Mimi nataka chaji."

Wachimbaji waliangua kicheko. "Mura, Kisyeri!" alipiga kelele mmoja wao, Werema. "Umepimwa, umeonekana pungufu!"

Hata Ghati nusura acheke. Pengine ugomvi ungeishia hapo, kama simu nyekundu isingelia mkononi mwake. Aliipokea kabla mwenyewe hajanyoosha mkono.

"Haloo, shemeji!" Ilikuwa sauti ya mwanamume. "Mwambie Kisyeri aniwekee siti mbili, nipo njia panda. Mbona leo sauti nzito? Umeamka na mafua?"

"Shemeji yako ni nani?"

"Si wewe, mke wa Kisyeri? Nimepiga namba iliyo nyuma ya gari. Nimekosea?"

Ghati alikata simu, akazunguka hadi nyuma. Kwenye kioo palikuwa na rangi nyeupe: CHAJI BURE, PIGA NAMBA HII. Miezi mitatu alikuwa akiyaona maandishi hayo bila kuyasoma, kwa maana ni nani anayesoma namba kwenye gari la mumewe? Leo alisoma tarakimu moja moja. Haikuwa ya Kisyeri.

"Yangu mbovu, inazima kila saa hata ikiwa na chaji," Kisyeri alisema. Alikuwa ameshuka. "Na nikiwa naendesha siwezi kupokea. Huyu yumo ndani ya gari karibu kila siku, na anajua kuongea na watu."

"Mimi sijui kuongea na watu?"

"Wewe unajua kugomba."

"Mwanzoni niliwakatalia hao wanaoniita shemeji," Shamimu alisema. "Ni wengi, mama Tomaso. Nikachoka." Aliinamisha macho, lakini tabasamu lilimtoroka, na Ghati aliliona.

Hakujua kama kuna kitu kati yao. Angeweza kuuliza, naye angeapiwa. Lakini mwanamke anayelala na mumeo hukuibia kwa kujificha; huyu alikuwa amepewa jina la mke mchana kweupe, machimbo mazima yakishuhudia, tena bila kukanda hata kilo moja ya unga.

"Beatrice!" alimwita msichana aliyemsaidia kwenye meza yake ya chapati. "Unga umeshakandwa. Choma, uza, faida kula wewe. Nipe hicho kisu."

Alikwangua kioo mpaka rangi ikaisha. Akamnyang'anya Kisyeri kalamu nene ya kuandikia plasta, akaandika namba yake, tarakimu kubwa kama vichwa vya watoto. Wachimbaji wakatoa simu zao wakaanza kunakili.

"Dada Shamimu, nyuma kuna nafasi," alisema, akamkabidhi simu nyekundu na kipande cha plasta. "Leo tumefika namba ngapi? Ishirini na tatu? Bandika."

Akachomoa simu yake kwenye fungu la nyuma, akaichomeka mbele, akapanda siti ya pembeni mwa dereva na kufunga mlango.

"Na watoto wakitoka shule?" Kisyeri aliuliza dirishani.

"Wana baba. Panda, tuna mtu njia panda anasubiri siti mbili."

Kisyeri akapanda, akaingiza gia.