Barua Niliyomficha Thirza

Mwaka wa pili wa vita, Wajerumani walipompiga risasi yule muuguzi wetu Mwingereza kule Ubelgiji kwa kuwatorosha askari, kiwanda chetu hapa Longton kilianza kutengeneza sanamu zake za kauri. Watu walizigombania. Kazi yangu ilikuwa kupaka msalaba mwekundu kifuani pake.

Binti yangu Thirza, miaka kumi na tisa, aliniambia, "Mama, nami nataka kuuguza."

"Ili nawe uishie kuwa sanamu kwenye kabati za watu? Kaa hapa."

Akaandika maombi hata hivyo. Barua ya hospitali ilifika yeye yuko kanisani. Nikaifungua. Walimtaka aripoti tarehe mbili Januari. Nikaichimbia ndani ya pipa la unga.

Wiki zikapita. "Hawajajibu tu?" akauliza.

"Labda wamejaa, mwanangu."

Ili atulie, nilimwendea msimamizi wetu kiwandani, Bwana Tunnicliffe, nikamwombea kazi. Nafasi ilikuwa moja tu, chumba cha kuchovya, ambako sanamu hutumbukizwa kwenye rojo la madini ya risasi ili zing'ae zikichomwa. Nilijua chumba kile kinavyokula watu. Nikajiambia, ni miezi michache tu, vita vitakwisha.

Kufikia Pasaka tumbo lilikuwa likimsokota, na ufizi umeingia mstari wa buluu. Asubuhi moja alishika birika la chai, viganja vyote viwili vikalegea kama kitambaa kilicholowa. Daktari alimtazama mara moja tu. "Risasi imemwingia mwilini."

Nilimwepusha na risasi ya bunduki, nikampeleka kwenye hii.

Jumapili iliyofuata nilimwekea barua mapajani. Vidole vilimshinda kuikunjua.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma mpaka sahihi.

"Rudia tarehe."

"Mbili Januari."

"Tarehe hiyo nilikuwa nakwangua barafu dirishani, nakuuliza kama tarishi kapita. Wewe ulikuwa unakanda mkate."

"Niliogopa, Thirza."

"Najua uliogopa. Sikukuuliza hilo."

Mkono wa kushoto ulipata nguvu, wa kulia haukurudi. Kiangazi alihamia mji wa Leek kwa shangazi yake, huko anawasomea watoto hadithi shuleni. Huja Jumapili mojamoja. Nikianza kumwomba radhi, hunikatiza kwa upole:

"Basi, mama. Chai inapoa."

Nami humkatia nyama yake vipande vidogo, naye huniacha nikate.