Mama Nerima wa Geti la Kijani

Nilipata habari za kifo changu Jumanne moja saa tano asubuhi, nikiwa naanika mapazia ya hosteli. Msichana mwenye begi la magurudumu alisimama getini akauliza kama kuna chumba. Nikamwambia vipo tele. Akasema anaitwa Kahambu, ametoka Butembo, Kongo, kuja kusoma Chuo Kikuu cha Kyambogo hapa Kampala, na kwamba alikuwa anatafuta hosteli ya Mama Nerima aliyoisoma kwenye simu.

"Kule juu walisema Mama Nerima alishakufa," akasema. "Nilisikitika, juu maneno yake ilikuwa muzuri."

Nerima ni mimi. Nimekuwa matroni wa hosteli hii kwa miaka kumi na mmoja, nalala chumba cha kwanza kulia, na sijawahi kuugua kitu kikubwa kuliko jino. Ilibidi nimwonyeshe kitambulisho ndipo akaacha kunitazama kama mzuka.

Mwingine angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kati ya vyumba vyangu ishirini na viwili, kumi na vinne vilikuwa vitupu hata baada ya kumpa Kahambu chake, na zilibaki wiki tatu tu muhula uanze. Mwenye nyumba, Mama Nakhisa, alikuwa amenipigia kutoka Bungoma akasema bila kuzunguka kwamba vyumba visipojaa, jengo atalikodisha liwe ghala la soda. Ghala halihitaji matroni.

Kesho yake nikaenda Old Kampala kwa Nusura, mwanamke wa Kinubi anayewatengenezea wafanyabiashara tovuti katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Ndiye aliyenifungulia blogu mwaka 2018. Niliandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wanaotoka Kenya na Kongo: geti linafungwa saa ngapi, maji yanatoka wapi, na kwamba mtoto wa mtu akichelewa, Mama Nerima atamfungulia, ingawa atamgombeza.

Nusura akatafuta kama mwanafunzi anavyotafuta. Ya kwanza kutokea ilikuwa hosteli ya Okidi, ile ya geti la bluu, juu kidogo ya kwetu. Nikasoma. Yalikuwa maneno yangu yote, mpaka jina langu. Hakujisumbua hata kulifuta. Iliniuma mpaka nikaomba maji ya kunywa.

Nilitaka tumtukane Okidi pamoja. Badala yake Nusura akanigeuzia kompyuta nijione mwenyewe. Kila Julai nilikuwa nanakili makala yaleyale, nabadilisha mwaka pale juu, naweka tena kama mapya. Nilidhani ndiyo njia ya kwenda na wakati. Sasa nilikuwa na kurasa sita zinazofanana kama sare za shule, Google haikujua ionyeshe upi, ikaona afadhali ule wa Okidi, ambao angalau ulikuwa na picha na bei za mwaka huu.

"Mama, Okidi ni mwizi, sawa," akasema Nusura. "Lakini hata wewe unajiiba mwenyewe. Tubakishe ile ya kwanza, ile watu wanajua. Hizo zingine zote zitapeleka watu huko. Halafu uandike mambo ya leo, si kubadilisha tarehe tu."

Nilikasirika, kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Wakati wa kurudi nikapitia kwa Okidi. Nilitegemea atakana. Hakukana, alisema kilichoko kwenye simu ni cha watu wote.

"Kila siku wanakuja hapa, Nerima, Nerima," akasema, kana kwamba mimi ndiye msumbufu. "Nikisema hayuko, wanangoja. Sasa nasema alikufa."

Nikamwuliza kama anawafungulia wanaochelewa. Akasema geti lake linafungwa saa tatu kwa kila mtu. Hapo hasira yangu ikageuka huzuni. Alikuwa ameiba ahadi yangu, na waliolala nje ni watoto walioniamini mimi.

Niliandika siku nne. Niliposoma makala ya 2018 niliona aibu: nilisema kisima hakikauki, nacho kilikauka zamani, nilimsifu mlinzi aliyekwisha kurudi kwao Arua. Nikaweka siku mbili ambazo maji huletwa na lori, mita ya umeme ya kila chumba, na bei za leo. Kahambu akanipiga picha nimeshika funguo. Na juu kabisa nikaandika: "Mimi ni Nerima na niko hai. Ukifika geti la bluu ukaambiwa nimekufa, usilie. Teremka hatua sitini, utaona geti la kijani."

Wiki ya pili ukurasa wangu ukampita Okidi, na watoto wakaanza kuja wakicheka. Ijumaa ya mwisho Okidi mwenyewe aliteremka na msichana wa Kakamega, aliyekuwa amesimama getini kwake na simu mkononi akiuliza hatua sitini zinaanzia wapi. Akaniomba nifute yale maneno. Nikamwambia nitayatazama mwakani, nikiupitia tena ukurasa.

Mama Nakhisa alipopiga Jumamosi nilimwambia kimebaki chumba kimoja. Akasema kimoja nacho ni kimoja, atangoja mpaka Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilipofungua geti nilimkuta msichana ameketi kwenye kizingiti, amejifunga shuka. Alikuwa mpangaji wa Okidi. Walimfungia nje tangu saa tatu. Akauliza kama mimi ndiye Mama Nerima wa kwenye simu, yule anayefungua.

Nikamgombeza kwanza kwa kutogonga. Kisha nikampa ufunguo wa mwisho.